Dosie za Watoto wa Pinga

Nyinyi wawili mliobaki kwenye meza yangu ya usekretere shuleni mliniomba niwaandikie namna ya kutengeneza dosie, yaani faili la karatasi, ya mtoto anayetaka kwenda kusoma chuo kikuu nje ya nchi. Nilifikiri ukurasa mmoja utatosha: buletini za pointi, diploma ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, paspoti, tafsiri, basi. Lakini nilipokaa chini na kalamu niliona kwamba kila karatasi kati ya hizo ina mtu nyuma yake, na siwezi kuwaeleza karatasi nikamwacha mtu. Mtanisamehe. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Ya mshahara mnaijua wenyewe, na vyeo havikunifikia.

Mimi ni mzaliwa wa Masisi, wa familia ya wakulima wa vilimani. Pinga nilikuja kwa ajili ya ndoa, nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini. Vilima vya kwetu vinakuonyesha mbali. Msitu wa Walikale haukuonyeshi kitu, na majuma ya kwanza nilijisikia kama kuku aliyefunikwa kikapu. Mume wangu alikuwa anauza chumvi na sabuni sokoni. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijua kupiga mashine ya kuandika, na katika Pinga ya wakati ule habari kama hiyo haikai siku mbili bila kufika kwa prefe, mkuu wa shule.

Prefe wetu alikuwa Papa Kibira, Munyanga, kabila la huku huku, mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua ao mvua. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mashine. Alinipeleka darasa la kwanza, akaniambia niwaulize watoto majina yao na niyaandike. Nikaandika. Akachukua karatasi yangu, akaipitia polepole, halafu akamwita mtoto mmoja.

"Unaitwa nani?"

"Bahuma."

"Mama Vumi, hapa umeandika Bauma."

"Ni kitu kimoja, Papa Prefe."

"Hapa Pinga iko kitu kimoja," akasema. "Siku mutoto huyu atavuka mupaka, batakuwa bantu wawili. Na mumoja wao hatakuwa na diploma."

Nilidhani ananitania. Nusu ya darasa lile hawakuwa na viatu. Nani kati yao angevuka mpaka? Lakini niliandika upya majina yote, na tangu siku ile sikumwandika mtoto kabla ya kumfanya atamke jina lake mara mbili. Fanyeni hivyo. Baadaye tulimpokea kijana mmoja aliyehamia kwetu akiwa na jina moja kwenye buletini za shule ya msingi, jingine kwenye za sekondari, na la tatu kwenye cheti cha kuzaliwa. Chuo kimoja cha Burundi kilimrudishia dosie. Akaenda Walikale kutafuta hukumu ya kusahihisha jina, akangoja hakimu aliyekuwa safarini, na aliporudi nayo mlango wa kuandikishwa ulikuwa umefungwa. Leo anatengeneza pikipiki sokoni, na anazitengeneza vizuri. Nikipita ananiambia: "Karibu, Mama. Mimi hapa nakusalimia, na bale bengine babili banakusalimia pia." Tunacheka wote. Halafu anainama tena kwenye injini yake, na mimi naendelea na njia bila hamu ya kucheka.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Mashine ya kuandika iliruka herufi r, nikawa naijaza kwa kalamu nyeusi. Karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka ikawa na matundu ya mwanga. Muhuri Papa Kibira hakuuacha ofisini hata siku moja. Aliutia ndani ya soksi na soksi ndani ya mfuko wa koti. "Nyumba ya shule inaweza kuungua," alikuwa akisema. "Shule njo batoto na muhuri." Baadaye ilikuja simu. Mtandao unapatikana juu ya kilima, nyuma ya kanisa, na nyinyi mnajua kwamba hata pale hauji kila siku. Karatasi ya kutuma kule pigeni picha asubuhi kabla jua halijawa kali, muilaze juu ya kitambaa cheupe, pembe zote zionekane, na kivuli cha kichwa chenu kisiingie. Dosie ngapi zimekataliwa kwa sababu ya kivuli cha kichwa cha sekretere! Hilo hawalifundishi popote.

Sasa juu ya masharti yenyewe. Kila nchi ina mlango wake. Burundi wanasoma Kifaransa kama sisi na diploma yetu wanaifahamu. Uganda wao wanasoma kwa Kiingereza, na asilimia zetu haziwaambii kitu. Lazima kwanza ofisi yao ya mitihani iilinganishe diploma yetu na ya kwao na itoe barua. Kila karatasi ya Kifaransa wanaitaka imetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na linawaumiza kuliko mengine. Hawaulizi tu kama mtoto amefaulu. Wanauliza amefaulu katika masomo gani. Hilo nililijua kwa sababu ya Riziki.

Riziki alitoka kijiji cha Mpofi, akakaa kwa shangazi yake hapa Pinga ili asome. Mama yake alikufa kwa uzazi, njiani, juu ya chipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wamembeba kumleta kwenye kituo cha afya. Riziki alikuwa anatembea nyuma na beseni ya nguo za mtoto kichwani. Mwenyewe hakunisimulia hata mara moja. Ni baba yake, Papa Shukuru, aliyeniambia. Huyo alikuwa mkulima na mtega mitego, Mkristo wa kila Jumapili ambaye mambo ya wazee wake wa msituni hakuyaacha pia, na hakuona kwa nini achague.

Msichana aliingia ofisini mwaka ule ambao wanafunzi wanachagua sehemu ya kusoma mpaka diploma. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Mama Sekretere, ili mutu akuwe munganga wa hospitali, banaomba nini?"

Nilikuwa na karatasi ya chuo kimoja cha Uganda ambayo mtu aliniletea kutoka Goma. Nikamsomea. Biolojia, kemia, pointi nzuri katika zote mbili.

"Na hapa kwetu?"

"Hapa tuko na ualimu tu, mwanangu. Ukipata diploma ya ualimu, kule uganga hawakupokei hata ukiwa wa kwanza."

"Biolojia na kemia iko wapi?"

"Goma. Labda na Masisi."

"Papa hawezi." Hakulia. Aliitazama karatasi, ambayo kwa upande wake ilikuwa kichwa chini, kama mtu anayejaribu kuisoma hivyo hivyo. Halafu akasema: "Basi bailete hapa."

Nilimpelekea Papa Kibira maneno hayo kama kichekesho cha siku. Hakucheka. Aliniuliza ni watoto wangapi zaidi wangependa, na Jumatatu akavaa koti lake akaenda Walikale kuomba ruhusa ya kufungua sehemu ya biolojia na kemia. Kule walimuuliza maabara iko wapi. Akawajibu kwamba Pinga imezungukwa na maabara, wao wamtafutie mwalimu tu. Walimpa ruhusa ya kujaribu; nafikiri walitaka aondoke.

Mwalimu alimpata mwenyewe, kijana wa Masisi aliyeitwa Byamungu, aliyekuwa amesoma kemia Goma na hana kazi. Byamungu alifika na mkoba mmoja, akakuta darasa la mbao na watoto wachache waliokuwa wakimngoja kama mvua. Alianza na vilivyokuwapo. Majivu ya maganda ya ndizi, limau, maji ya betri kuukuu, maua mekundu yaliyopondwa ili rangi yake ioneshe kipi ni chachu na kipi siyo. Vyupa vya dawa vya kituo cha afya tulivichemsha. Watoto wengine wa shule waliliita darasa lile "jikoni", na jina likabaki. Mimi niliwapigia mitihani kwenye mashine, na fomula za kemia nilizichora kwa mkono kwa sababu mashine haikuwa na namba ndogo za chini. Riziki vidole vyake vilikuwa na madoa ya njano mwaka mzima. Aliandika polepole kuliko wote na hakufuta kitu.

Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Byamungu alipanda kilima na simu, akawa anasikiliza kisha anapiga kelele majina kutoka juu, na sisi chini tunapokea. Jikoni yote ilifaulu. Papa Shukuru alitembea kutoka Mpofi na nyama ya pori iliyokaushwa, ameifunga kwa majani, akamkabidhi Papa Kibira kwa mikono miwili.

"Papa Prefe, sina neno," akasema.

"Neno liko na mutoto," Papa Kibira akajibu, na nyama akawagawia wanafunzi.

Hapo ndipo dosie ilipoanza. Diploma yenyewe ilikuwa bado haijatoka, na mnajua inaweza kuchelewa mpaka mtoto apate watoto; tulikuwa na karatasi ya kuhakikisha kwamba amefaulu, na barua ya kuomba chuo kiipokee kwa muda. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, alikuwa na kadi ya ubatizo tu. Nilimsindikiza Papa Shukuru Walikale kuomba hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa. Karani akamuuliza mtoto alizaliwa tarehe gani.

"Wakati wa viwavi," Papa Shukuru akasema.

"Viwavi vya mwezi gani, Papa?"

"Mwezi ya viwavi." Alimtazama karani kwa huruma, kama anayemwelezea mgeni. "Wewe uko mutu ya wapi?"

Karani alikuwa mtu wa Bukavu. Tulielewana mwishoni, na kadi ya ubatizo ikasaidia.

Dosie ilikuwa haijaisha vita ilipofika Pinga. Sitaandika ni nani aliyempiga nani. Waliopita walikuwa wengi, na meza za shule yetu ziliunguzwa kama kuni na watu ambao hatukujua wanataka nini. Tulitawanyika kila mtu na njia yake. Mimi na mume wangu tulifika Masisi kwa mama yangu. Papa Kibira alisukumwa na watu mpaka kambi moja karibu na Goma. Riziki na baba yake waliingia msituni. Na wale wengine wa jikoni? Mmoja alipigwa risasi akiwa shambani anang'oa mihogo. Wasichana wawili waliolewa kambini. Mwingine hatujui alipo mpaka leo, na mama yake akinikuta sokoni bado ananiuliza kama kuna barua yake imefika ofisini. Nyinyi pia atawauliza. Msimwambie "hapana" mkiwa mmesimama. Mpeni kiti kwanza.

Riziki alinifuata Masisi kwa miguu. Nilimwona anapanda njia ya kwa mama yangu, mwembamba, nguo imemkauka mwilini, nikafikiri anakuja kuniambia baba yake amekufa. Hapana. Papa Shukuru alikuwa hai. Alipoketi alifungua kitenge, na tumboni alikuwa amejifunga mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi zake zote, buletini na hukumu ya Walikale.

"Mama, banasema mwisho ya kupokea dosie iko karibu," akasema. "Tunakosa nini?"

Tulikosa barua ya mkuu wa shule kumpendekeza mwanafunzi, na muhuri wa shule juu ya kila nakala ya buletini. Bila hivyo karatasi zake zilikuwa karatasi tu. Mama yangu alimpa chakula, akalala kama aliyezimia, na kulipokucha tukatafuta pikipiki ya kwenda Goma.

Kumpata mtu katika kambi ile ilikuwa kazi ya siku nzima. Tulimkuta Papa Kibira mbele ya hema la turubai, ameketi juu ya jiwe, koti begani, anakohoa. Alikuwa amekonda kiasi kwamba masikio yake yalionekana makubwa. Mke wake alituletea maji. Nilimweleza tumekuja kwa nini, na nikaogopa kuuliza la muhuri. Yeye mwenyewe aliingiza mkono mfukoni akatoa soksi.

"Lete maji ninawe," akamwambia mke wake. "Sitagusa dosie ya mutoto na mikono hii."

Alinawa, akajifuta kwenye koti, akaandika barua juu ya mgongo wa beseni, kwa Kifaransa chake cha zamani chenye herufi za kuinama. Alipofika kwenye jina alisimamisha kalamu, akamfanya Riziki alitaje herufi moja moja, akalilinganisha na hukumu ya Walikale na buletini zote. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Aliupulizia pumzi ya kinywa, mara nyingi, na kila mara kikohozi kilimkata, akangoja kipite, akapuliza tena, akagonga. Nakala zote alizigonga hivyo. Niliomba nimsaidie akakataa.

Mwishoni akamwambia Riziki: "Kule batakuuliza laboratware yenu ilikuwa namna gani. Usibadanganye. Baambie majivu na maua."

"Ndiyo, Papa Prefe."

"Na ukisikia bengine banacheka, uache bacheke. Wewe ujibu swali."

Muhuri alinikabidhi mimi siku ile, ndani ya soksi yake, na hakusema kwa nini. Kabla mvua za msimu ule kuisha, habari ilinifikia Masisi kwamba amekufa. Walimzika kule kule, karibu na kambi, mahali ambapo pamejaa makaburi ya watu wasio wa pale. Munyanga wa msituni, juu ya mawe meusi ya volkano. Sikuweza kwenda. Barabara ilikuwa imekatwa tena.

Dosie tulikuwa tumeituma kutoka Goma, imetafsiriwa, na Riziki alikuwa akikaa nasi Masisi. Mama wa ofisi ya kuandikisha wanafunzi kule Uganda alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo ni nadra sana. Alizungumza Kiswahili cha kwao, kilichonyooka kama cha vitabuni. Alisema pointi za Riziki ni nzuri, lakini hakuona mahali palipoandikwa kazi za maabara. Nilimpa Riziki simu. Msichana alimweza. Alimwambia yote: maganda ya ndizi, betri, vyupa vya kuchemsha, maua mekundu.

"Maua hayo yalibadilika rangi gani kwenye limau?" mama yule akauliza.

"Yalikolea, Mama. Mekundu kama damu mpya. Kwenye majivu yalikuwa kijani."

"Njoo na karatasi zote halisi," akasema. "Mwaka wa kwanza utasoma Kiingereza na sayansi ya kujiandaa. Usichelewe."

Masista fulani walikubali kumlipia. Papa Shukuru alitoka msituni kuja kumuaga, na tulikutana Masisi, kando ya barabara, ambapo gari la kwenda Goma linasimama. Alikuwa amevaa shati la kuazima. Gari lilipowasha mashine, baba akamshika mkono.

"Kule banakula nini?"

"Matoke, Papa."

"Njo nini hiyo?"

"Ndizi. Ndizi ya kupika."

Akafikiri. "Kama iko ndizi, utaishi," akasema, akauachia mkono.

Tulirudi Pinga hali ilipotulia kidogo. Shule ilifunguliwa tena kwa muhuri ule ule, lakini jikoni haikufunguliwa. Byamungu alikuwa amepata kazi Goma na hakuna aliyeweza kumlaumu, na prefe mpya alisema, kwa haki yake, kwamba hawezi kufungua sehemu ya kemia bila kemia. Nikawatengenezea dosie watoto wa ualimu, wachache, wengi wao wa kwenda Burundi. Riziki alikuwa ananitumia sauti kwenye simu kila alipopata. Alinieleza mwili wa kwanza aliouona umefunguliwa, na jinsi alivyotoka nje akakaa chini ya ukuta. Alinieleza Kiingereza kinavyomchosha taya. Ujumbe wake kwa baba yake tuliusikiliza kilimani: Papa Shukuru akija sokoni, tulikuwa tunapanda wote wawili, anasikiliza sauti ya mtoto, ananiambia "rudisha", narudisha, anasikiliza tena.

Mara ya mwisho alipokuja Pinga hakuja kwa miguu. Walimleta juu ya chipoyi kutoka Mpofi. Homa, kifua, pumzi fupi kama ya mtu aliyekimbia. Muuguzi wa kituo alimpima, akanivuta pembeni akaniambia ni mapafu, na dawa inayohitajika imeisha kwa sababu barabara imefungwa juma la pili sasa, na aliyoagiza kwa pikipiki imezuiliwa njiani. Nilikaa karibu na kitanda. Papa Shukuru alifungua macho.

"Mama Vumi. Nataka nisikie sauti yake."

Kituo kiko bondeni, na bondeni hakuna mtandao. Muuguzi alikataa, halafu akatazama rafu yake tupu, akasema twende, nami nakuja. Wanaume wakamwinua tena. Wakampandisha kilima mchana, jua kali, wanapokezana, mtu mmoja anamfunika uso kwa jani la mgomba. Nyuma ya kanisa wakamweka chini taratibu. Nikapiga. Riziki akapokea akiwa hospitalini. Nilisikia kelele za watu nyuma yake.

Hakulia. Aliniambia nimpe muuguzi simu, akaanza kumuuliza kama mganga anavyomuuliza mganga: kucha zake rangi gani, anapumua namna gani, homa tangu lini. Halafu akasema: "Sasa mukalishe kidogo, muweke simu ku kifua yake, upande ya mugongo." Muuguzi akaweka. Riziki alisikiliza kifua cha baba yake kutoka Uganda.

Simu iliporudi kwa muuguzi, Riziki alitaja dawa moja. Muuguzi akasema haiko. Akataja nyingine.

"Haiko, dada. Barabara imefungwa."

"Oksijeni?"

Muuguzi alinirudishia simu, na Riziki akaelewa.

"Mama Vumi, weka simu ku sikio yake."

Niliishika mimi, kwa hiyo nilisikia. Walisema Kinyanga, na baada ya miaka yangu huku nakisikia karibu chote. Papa Shukuru alimuuliza kama amekula leo. Akasema amekula. Akamuuliza nini. Akamwambia ndizi, na nilijua anadanganya, na baba naye alijua. "Njo vizuri," akasema kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu, na akafumba macho kupumzika. Tukamteremsha. Alikufa kesho yake asubuhi, kituoni, kabla pikipiki ya dawa haijafika. Nilipanda kilimani kumpa Riziki habari, halafu tukamzika baba yake Mpofi. Katekista alisali, halafu wazee wakaingia msituni na mambo yao, na wanawake tukabaki kwenye kaburi.

Niliporudi Pinga na kupanda kilima nilikuta Riziki ametuma picha, bila sauti, bila neno hata moja. Ilikuwa karatasi ya chuo chake. Alikuwa na mitihani ya mwisho wa mwaka juma lile, na hakuweza kuandika. Mwenzake wa chumbani aliniambia baadaye kwamba anashika kalamu na mkono unabaki pale pale. Chuo kinaruhusu mwanafunzi aliyefiwa afanye mitihani baadaye. Masharti yaliandikwa chini: hati ya kifo cha mzazi, sahihi na muhuri wa ofisi inayotambulika, uthibitisho kwamba marehemu ni mzazi wa mwombaji, na tafsiri ya Kiingereza.

Nilitengeneza dosie hiyo. Muuguzi alisaini hati ya kifo. Nikaenda kwa chifu wa grupima, mkuu wa vijiji vyetu, akasaini, akagonga. Nikaambatanisha nakala ya hukumu ya kuzaliwa ambayo Papa Shukuru mwenyewe alikuwa ameisimamia Walikale, ili waone jina la baba juu ya karatasi zote mbili. Kwenye mstari wa kazi ya marehemu chifu aliniuliza tuandike nini, mkulima ao mwindaji. Nikamwambia aandike zote mbili, nafasi ilitosha. Mtafsiri wa Goma, niliyemtumia picha kwa simu, aliifanya siku ile ile na akakataa malipo. Nilituma.

Riziki alifanya mitihani yake baada ya miezi, akafaulu. Sasa yuko katika wodi ya uzazi ya kule, anajifunza kuzalisha. Kaburi la baba yake hajaliona. Njia ya kutoka Goma mpaka Mpofi bado haipitiki, na nimemkataza kujaribu.

Dosie hiyo ya kifo cha Papa Shukuru ilikuwa yangu ya mwisho kabla ya kuwaachia funguo. Chuo kilijibu alasiri ile ile niliyoituma kwamba kimeipokea na imekamilika. Katika zote nilizotuma ng'ambo ya mpaka kwa miaka yangu yote, ni hiyo peke yake ambayo hawakuirudisha wala kuniuliza karatasi nyingine.